Birika Lenye Utepe Mwekundu

Tangu arudi kutoka Lisbon, Lemuel Haskett alikuwa na tatizo moja ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kila alipotaka kukumbuka jambo, lilimjia likiwa limevaa nguo za jambo jingine. Akiikumbuka kesi fulani ya zamani ya mpaka wa shamba, aliwaona mawakili wakiwa na panga viunoni. Akikumbuka vita, askari wake wenye matope hadi magotini walimwinamia kwa adabu kama watu wa ikulu.

Na asubuhi nyingi, kabla macho hayajafunguka sawasawa, aliliona birika la kahawa. Liling'aa juani, likayumbayumba, huku likizidi kuwa dogo na dogo mpaka likapotea. Lilifungwa kitu chekundu, kama utepe. Mwenyewe aliamini ni birika la fedha la mfalme wa Ureno, maana kwa miaka minane alinyweshwa kahawa kule ikulu, na kule ndiko alikowaona wanaume wazima wakitembea na tepe nyekundu vifuani bila kuona haya. Birika lilikuwa likipungua kwa sababu mtumishi alikuwa akienda nalo. Hapo alielewa. Lakini mtumishi gani wa mfalme angefunga utepe kwenye birika? Hilo lilimshinda.

"Leo unakwenda mjini kama nani?" dada yake Tryphena alimuuliza Alhamisi hiyo, akiwa ameshika makoti mawili, moja kila mkono, la tatu amelitupia begani. Walikuwa wakiishi wawili tu katika nyumba ya baba yao, mjini Marlow, katika jimbo la Ohio. "Kama Wakili, kama Kanali, au kama Mheshimiwa Balozi? Sema upesi, mkate wa mahindi unaungua."

"Nipe lolote."

"Lolote halina vifungo." Alimpa jeusi la uwakili, lililoanza kung'aa viwikoni. "Na kula kwanza. Huko Lisbon walikuzoesha kuumauma biskuti."

Kabla hajakaa mezani, mlango wa mbele uligongwa. Tryphena alichungulia dirishani, akakunja uso kwa mshangao.

"Ni Orpha Dunning. Sasa huyu amepatwa na nini hata apite mlango wa mbele?"

Orpha alikuwa fundi wa nguo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuja nyumba hii kumpima Tryphena magauni, na siku zote alipitia jikoni. Leo alisimama ukumbini amevaa kofia yake ya kanisani, mikono ameikutanisha tumboni.

"Kaa, Bi. Dunning," alisema Haskett.

"Nitasimama, Kanali. Nikikaa nitasahau niliyojipanga kusema." Aliirekebisha kofia yake. "Jumatatu yule Mjerumani anaanza kuchonga majina kwenye jiwe la mashujaa. Jumamosi kamati yako inapitisha orodha. Nataka jina la Asahel liwemo."

Haskett alimkumbuka Asahel Dunning, au alidhani anamkumbuka. Kijana mrefu, seremala, mwenye kucheka ovyo. Aliondoka na kikosi mwaka wa 1862 kwenda kupigana na Kusini, miaka miwili tu tangu aoe. Kilichobaki kilikuwa ukungu.

"Orodha ya jeshi inasema..."

"Najua inasemaje. Miaka ishirini na mitano nimeambiwa inavyosema. Kila mwezi wa Mei wenzangu wanabeba maua kwenda makaburini, na mimi nakaa dirishani nashona, kwa sababu mke wa mtoro akibeba maua watu watauliza anampelekea nani. Wapo wanaoniambia Asahel yuko California na watoto sita. Juzi mmoja kawafikisha saba."

"Lo!" alisema Tryphena kutoka mlangoni mwa jikoni.

"Sikuja kuomba pensheni," Orpha aliendelea. "Hata sikulaumu. Nataka tu jina lake likae pale ambapo mvua itakuwa inalinyeshea pamoja na ya wenzake. Mimi nikifa, hakuna atakayelidai tena."

Alipoondoka, mkate ulikuwa umeungua kweli. Haskett aliula hivyo hivyo bila kujua.

Orodha yenyewe ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku lake la vita, nakala aliyoiweka kwa tabia ya wakili ambaye hatupi karatasi. Aliipata chini ya shuka la kambini na barua za Wizara ya Vita. Aliipeleka dirishani penye mwanga. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa ujanani, ulionyooka kama mtu asiyewahi kukosea.

*Dunning, Asahel. Mtoro.*

Na pembeni, kwa herufi ndogo: *Sh. mmoja tu: Stile. Alimwona akianguka karibu na uzio. Haitoshi. L.H.*

Alisoma mara tatu. Sh. ilikuwa shahidi, hivyo ndivyo alivyofupisha katika kesi zake zote. Basi kumbukumbu ikaja, na safari hii ilikuja na nguo zake yenyewe. Siku ya pili baada ya mapigano, huko Tennessee, Lorenzo Stile alikuwa amesimama mbele ya meza iliyotengenezwa kwa mbao za sanduku la biskuti, mkono umefungwa kitambaa.

"Nilimwona Dunning akianguka, Kanali. Karibu na uzio."

"Nani mwingine alimwona?"

"Waliokuwa karibu naye wote wamekufa."

"Kwa hiyo uko peke yako."

"Niko peke yangu, bwana. Ndiyo maana naja mimi."

Yeye Haskett, ambaye miezi kumi kabla ya hapo alikuwa akiandika wosia za wakulima, alitikisa kichwa. Wosia wenye shahidi mmoja si wosia. Kama shamba la ekari arobaini linadai mashahidi wawili ili lipate mwenyewe mpya, basi roho ya mtu itahama kwa shahidi mmoja? Aliona ni haki, tena ni heshima kwa marehemu. Makanali wengine waliandika wafu wao kwa kubahatisha. Yeye hakubahatisha. Aliandika *hajulikani alipo*. Baada ya miezi mitatu fomu ilikuja kutoka makao makuu ikitaka wote wasiojulikana wagawiwe: aliyekufa, aliyetekwa, mtoro. Adui alisema Dunning hakuwa miongoni mwa mateka. Kufa kulikuwa na shahidi mmoja. Kikabaki kisanduku kimoja tu.

Alikijaza, akatia sahihi, akaenda kupigana mahali pengine. Stile naye alikufa kwa homa majira yaliyofuata.

Haskett alikaa kitandani na karatasi magotini. Kilichomchanganya ni kwamba hakuona alipokosea. Alifuata hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ilikuwa sawa, lakini mwisho wa njia amesimama mwanamke amevaa kofia ya kanisani.

Kesho yake, karibu na jengo la mahakama, Virgil Coates alimshika mkono. Coates alikuwa muuza dawa na karani wa kamati, mtu wa maneno mengi ambaye daima alinukia karafuu.

"Mheshimiwa! Nasikia Orpha alikuja kwako. Alikuja na kwangu pia. Nilimpa dawa ya kikohozi."

"Anakohoa?"

"Hapana, lakini nilitaka kumpa kitu." Coates alishusha sauti. "Sikiliza, wote tunamhurumia. Ila tukimpitisha mmoja, kesho atakuja nani? Na kanuni ni yako mwenyewe. Mwaka jana ulipokubali uenyekiti ulisema: mashahidi wawili walioapa, au jina halipandi jiwe. Mimi niliandika tu."

"Nilisema hivyo?"

"Kwa sauti hiyo hiyo ya Lisbon. Tulipiga makofi."

Haskett aliendelea kutembea. Alijaribu kukumbuka makofi, akakumbuka ya ukumbi wa muziki wa kifalme. Alijiuliza kama mtu anaweza kupoteza akili taratibu hivi, kama kikapu kinachovuja nafaka, huku watu wakimvulia kofia njia nzima.

Usiku huo na asubuhi ya Jumamosi aliandika. Akiwa balozi alikuwa amejifunza jambo moja kuliko mengine: pande mbili zikishindwa kukubaliana juu ya jambo, tafuta sentensi ambayo kila upande utaisoma unavyopenda. Aliipata sentensi hiyo saa nne, akaifurahia, akavaa koti la ubalozi.

Saa nane mchana ukumbi wa mahakama ulikuwa umejaa kuliko alivyotarajia. Wajumbe saba walikaa mezani. Nyuma yao walikaa wanawake wenye vipepeo vya mkono, na wanaume waliokuja kwa sababu wake zao wamekuja. Orpha alikaa peke yake kwenye benchi la tatu. Hakuna aliyelikataa benchi hilo kwa maneno. Lilibaki tupu tu pande zote mbili zake.

Coates alisoma majina arobaini na moja yaliyokubaliwa. Kisha akasema, "Kuna ombi la Bi. Dunning," akakohoa, akamtazama mwenyekiti.

Haskett alisimama.

"Mabibi na mabwana. Kamati inaheshimu huzuni, na kamati inaheshimu kumbukumbu za jeshi. Napendekeza chini ya majina pachongwe mstari huu: *Na wengine ambao Mungu peke yake anajua walipo.* Hivyo kila mwenye mtu wake atakuwa na mahali pa kutazama."

Minong'ono ya kuridhika ilipita ukumbini. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Sentensi ilikuwa nzuri kweli.

Orpha aliinuka.

"Mume wangu hakuwahi kuitwa Wengine," alisema.

Mjumbe mzee kuliko wote, ambaye sikio lake moja lilikuwa zito, aliuliza kwa sauti, "Kasemaje?"

"Amekataa!" alijibiwa kwa sauti kubwa zaidi.

"Orpha," alisema Coates, "mstari ni wa heshima sana. Kanuni inasema mashahidi wawili. Hunao."

"Najua sinao. Nina swali moja tu, nalo ni la Kanali." Alimgeukia Haskett. "Unataka mashahidi wawili kwamba alikufa. Sawa. Nani alimwona akitoroka?"

Karatasi ya orodha ilikuwa mezani mbele ya Haskett, na macho yake yalishuka pembeni pake kutafuta, kama wakili anavyotafuta ukurasa anaojua upo. *Sh. mmoja tu: Stile.* Huyo alikuwa wa kufa. Wa kutoroka alikuwa nani? Akageuza karatasi. Nyuma yake palikuwa peupe.

Alikaa kitini taratibu. Alikuwa amedai mashahidi wawili ili mtu afe, na ili awe mtoro hakudai hata mmoja. Miaka ishirini na mitano. Wala hakuna mtu aliyemuuliza, si jenerali, si Wizara, si yeye mwenyewe.

"Kanali?" alisema Orpha.

"Hakuna," alisema Haskett. "Hakuna aliyemwona akitoroka."

Vipepeo vya mkono vilisimama.

"Hiyo haimwongezei mashahidi wa kufa," alisema Coates haraka, akiisoma karatasi pale mezani. "Stile ni mmoja, na ni marehemu, ingawa nakiri kaandikwa. Mmoja ni mmoja."

Haskett alimtazama. Kitu kilikuwa kikimgonga kichwani, kitu cha zamani, cha siku ile ile ya meza ya mbao. Baada ya Stile kuondoka yeye alibaki na kalamu mkononi na kujiuliza: na mimi je? Mimi niliona nini? Na mara akajijibu kwa sauti ya mwalimu wake wa sheria: anayeamua kesi hawezi kuwa shahidi katika kesi hiyo. Akachovya kalamu, akaandika.

"Karani," alisema, "andika kwamba mwenyekiti ameondoka kitini."

"Kwenda wapi?"

"Pale." Alionyesha kiti cha mashahidi, chenye mikono iliyochubuka kwa kushikwa na waongo na wakweli wa wilaya nzima. Katika maisha yake alikuwa amehoji watu mia kadhaa waliokikalia. Yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, na kifupi.

Mjumbe mzee alihamia uenyekitini huku akiuliza kama kuna mtu amekufa. Biblia ililetwa. Haskett aliapa.

"Nani atamhoji?" aliuliza Coates, akionekana kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi zake mwenyewe.

"Mwenye kesi," alisema Haskett. "Bi. Dunning, uliza."

Orpha alisogea mbele. Karibu hivyo Haskett aliona jinsi kope zake zilivyokuwa nyekundu kwa kazi ya sindano.

"Ulimwona Asahel akianguka?"

"Sijui."

Minong'ono ilipanda. Haskett aliinua mkono. "Nimeapa, kwa hiyo nasema hivyo. Kichwa changu si kizima kama mnavyodhani. Mambo yamechanganyika. Nilikuwa na maisha matatu na yote yamemwagika kwenye bakuli moja. Nikikumbuka shamba lile la mahindi tulimopigania, naona vumbi, nasikia sauti yangu ikipiga kelele, kisha... kisha mambo yasiyohusika."

"Yapi?"

"Ni upuuzi."

"Niambie upuuzi huo, Kanali."

Aliona haya. Mbele ya mji mzima, mtu aliyewahi kula na mfalme. "Naona birika la kahawa," alisema. "Linang'aa. Linayumbayumba na kuzidi kuwa dogo. Ni la Lisbon, nina hakika karibu kabisa, kwa sababu lina utepe mwekundu, na wekundu huo ni wa Lisbon. Samahani. Nilikwambia ni upuuzi."

Watu wawili watatu walicheka kwa kuona aibu kwa niaba yake. Tryphena, benchi la pili, alifumba macho.

Orpha hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya karani.

"Utepe ulikuwa wapi? Kwenye mpini?"

"Hapana. Juu. Umepita juu ya mfuniko, umefungwa... ni ajabu, eti? Umefungwa kwenye mdomo wa birika."

"Haukuwa utepe," alisema Orpha. Sauti yake ilishuka mpaka mjumbe mzee akaegemea mbele. "Asubuhi aliyoondoka, bawaba ya mfuniko ilikatika. Hakukuwa na wakati wa kwenda kwa fundi. Nilichana gaguro langu la flaneli, nikaufunga mfuniko. Flaneli nyekundu. Alinicheka, akasema kikosi kizima kitajua rangi ya nguo zangu za ndani. Alilitundika birika mgongoni, nyuma ya mkoba. Lilikuwa la bati, jipya. Liling'aa."

Haskett alihisi kama kwamba mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia kwa miaka yote amelisogeza. Si birika lililobadilika. Birika lilibaki pale pale. Kilichobadilika ni ukuta nyuma yake. Dhahabu ya ikulu ilibanduka, na nyuma yake palikuwa na mabua ya mahindi.

"Hayo mtu yeyote anaweza kusema," alisema Coates. "Flaneli nyekundu! Nani hana flaneli nyekundu?"

"Kipande kilichobaki nilikishonea kwenye mfarishi wangu, Virgil Coates. Kiko kitandani mpaka leo. Njoo ukaone, kama mkeo atakuruhusu."

Ukumbi uliangua kicheko, na sauti ya Bi. Coates ikasikika kutoka nyuma: "Hatamruhusu!" Coates alipandwa na wekundu mpaka masikioni. "Na ungeliona mwenyewe hilo birika," Orpha aliongeza, bila chuki, "kama siku ile usingempeleka mtu mwingine vitani badala yako."

Hapo hawakucheka.

Orpha alimrudia Haskett. "Swali la mwisho. Siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Nyuma ya mstari. Farasi wangu alikuwa amepigwa risasi. Kanali husimama nyuma ili aone kikosi chake chote."

"Na adui?"

"Mbele. Ng'ambo ya uzio."

"Na birika lilikuwa mgongoni mwake."

"Ndiyo."

"Nawe uliliona."

Haskett alielewa anakopelekwa, hatua kwa hatua, na alimwacha ampeleke. Hakuwahi kumwona wakili akiongoza shahidi kwa upole namna hii.

"Niliuona mgongo wake," alisema. "Kwa hiyo uso wake ulikuwa kwa adui. Na birika lilizidi kuwa dogo, kwa sababu alikuwa akinikimbia mimi, akienda kwenye uzio." Aliishika mikono ya kiti. "Kama birika lingekuja likikua, ningesema vingine. Halikukua. Sikumwona akianguka, Bi. Dunning. Hilo sitaliongeza hata kwa ajili yako. Stile alimwona akianguka kwenye uzio, nami nilimwona akienda kwenye uzio. Zaidi ya hapo sijui, na mengi ninayodhani najua siku hizi sina hakika nayo. Lakini kiapo changu kimeishia hapo."

Mjumbe mzee aligonga meza ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele. "Anayekubali jina lipande, ainue mkono."

Mikono iliinuka. Wa Coates ulikuwa wa mwisho, na uliinuka kidogo tu, kama wa mtu anayejikuna.

Orpha alirudi kwenye benchi la tatu. Hakulia wala hakushukuru. Alikaa, akaanza kulainisha sketi yake magotini kana kwamba ni kitambaa cha mteja. Baada ya muda Tryphena aliinuka kutoka benchi la pili, akaenda kukaa karibu naye, akamwambia jambo kuhusu mikono ya gauni.

Haskett alibaki kwenye kiti cha mashahidi mpaka mtu alipomgusa bega. Hakujua ahisi nini. Alitarajia kujisikia mwepesi. Badala yake alianza kuwakumbuka wote aliowajaza kwenye visanduku, katika miaka yote, kwa mwandiko ule ulionyooka, na hakukumbuka hata nyuso zao.

Jumatatu asubuhi alitoka nyumbani bila kungoja.

"Kaka! Koti!" Tryphena alimpigia kelele kutoka barazani. "Hujachagua koti!"

Alijiangalia. Alikuwa na kizibao juu ya shati tu. Aliendelea kutembea.

Jiwe lilikuwa limelazwa katika banda nyuma ya mahakama, jeupe lenye chembechembe, na Gottlieb Ressler, yule Mjerumani mchongaji, alikuwa amelipigia magoti. Majina yote arobaini na moja yalikuwa yameshaandikwa juu yake kwa kalamu ya risasi, yakingoja patasi. Orpha alikuwa amefika kabla, ameleta kigoda chake cha kushonea, amekaa.

"Wewe ndiye uliyenipenda sana hata ukaniongezea kazi," Ressler alimwambia Haskett bila kuinua kichwa. "Dunning! Kwa nini si Zimmerman? Ungeniletea Zimmerman ningemweka chini, tukaenda kula. Huyu anaingia kati ya Cutler na Eames. Lazima nifute kuanzia Eames hadi mwisho, nianze upya."

"Pole."

"Pole haifuti." Lakini alikuwa ameshalowesha kitambaa ndooni, na alianza kufuta. Eames akaenda. Fenner akaenda. Mmoja baada ya mmoja waliokwisha kubalika walififia, wakawa maji ya kijivu yakitiririka ubavuni mwa jiwe, na Haskett alishikwa na hofu ya kijinga kwamba huenda wasirudi.

"Atawaandika tena," alisema Orpha, kama aliyemsoma. "Anayo karatasi."

"Na wewe? Bi. Dunning, itachukua siku nyingi. Hapa kuna vumbi. Nenda, tutakuita likikamilika."

"Hapana, Kanali." Alisogeza kigoda karibu zaidi na jiwe. "Safari hii nataka kuona mwenyewe."

Ressler alipiga mstari, akapima, akaandika. Kisha alichukua patasi na nyundo, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo bado, akaiweka ncha juu ya herufi ya kwanza.

Haskett alitazama huku na huku akitafuta mahali pa kukaa. Hapakuwepo. Basi alisimama kando ya kigoda cha Orpha, bila koti, akatazama naye.